Ufa Chini ya Rangi

Mzee Brashi, fundi rangi wa karakana ya ndege, alikuwa akikwangua herufi za usajili kwenye ndege ileile kwa mara ya tatu mwaka huu. Kila nchi iliyouona ufa ubavuni mwake iliifutia usajili, na bosi, mwenye ndege, akaisajili kwingine. Kisha mkataba wa anga, unaoruhusu ndege iliyosajiliwa nje kuruka hapa, ukairudisha hapahapa.

"Mzee wangu, wewe paka tu. Karatasi zinasema ni salama," bosi alimwambia.

"Kesho binti yangu anaipanda. Na wewe bosi, je?"

Bosi akakohoa. "Mimi? Aa, nina tiketi ya kampuni nyingine."

 Mzee akatema mate, akachovya brashi, akauzungushia ufa duara jekundu lisilofichika hata kwa kipofu. Kisha akampigia binti yake simu.