Mama mukwe alikataa kulala chini ya bati moja na mimi, ndiyo tukahamia Lac Vert

Wakuu, poleni na kazi.

Mimi ni mwalimu wa primaire hapa Goma. Kiswahili changu ni cha huku Congo, nasema mutu na mutoto, munivumilie. Mambo haya yalinipata mimi na nyumba yangu, sina sababu ya kuongeza chumvi. Muke wangu ameketi hapa pembeni anasoma kila mustari. Nikidanganya atanikata kauli.

Wakati huo tulikuwa tunapanga kule Himbi, mutaa wa hapa mjini. Nyumba ya sementi, vyumba viwili. Kimoja chetu, kingine ni salon, yaani sebule, na batoto watatu wanalala humo kwenye godoro moja. Maji ya bomba yako ndani ya parcelle, kiwanja chenyewe cha nyumba. Kwa mwalimu wa Goma hayo ni maisha mazuri, musicheke.

Muke wangu, Mama Neema, ni wa Rumangabo. Mama yake alibaki kule peke yake tangu baba mukwe afariki. Nyumba ya vyumba vine, na shamba la maharage nyuma.

Vita ikafika Rumangabo.

Mama mukwe alitembea kwa miguu siku mbili. Akatufikia saa nne asubuhi, na mufuko mmoja wa nguo na sufuria kichwani. Mama Neema alilia kwa furaha. Mimi nikaenda shule nikiwaza kwamba shida imekwisha: mama yuko hai, atakaa na sisi.

Sasa kwa wale wa mbali, niwaeleze kidogo. Kwao muke wangu, mama mukwe na mukwe wake wanaheshimiana kupita kiasi. Hali chakula mbele yako. Hakutazami usoni. Kulala na wewe chini ya bati moja, katikati pazia tu, ni aibu kubwa sana. Mimi ni Munande wa Butembo, kwetu pia iko hivyo, ila sisi wa mjini tumezoea kujifanya hatuoni.

Nikamwambia muke wangu, "Hii ni vita. Desturi ingoje kwanza."

Mama mukwe hakubisha. Lakini kila asubuhi tulimukuta jikoni, kale kajiko ka nje ka mabati, amejifunika kitenge kando ya majivu. Anasema ameamka mapema. Siku ya tano Neema, mukubwa wetu, akaniambia tukinywa chai, "Papa, koko haamkagi mapema. Analalaga kule kule." Koko ni bibi.

Siku ya sita nilitoka shule nikakuta blanketi limekunjwa vizuri juu ya kiti. Alikuwa ameondoka. Alikwenda kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Lac Vert, kwa watu wa kijiji chake waliokimbia pamoja.

Nikakasirika, wakuu. Niliona ametuaibisha. Majirani watasema mwalimu amefukuza mama wa muke wake.

Mama Neema hakupiga kelele. Alichukua blanketi, akamufuata. Kuanzia hapo asubuhi yuko soko anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mchana yuko kambini, kwangu anapita kupika tu. Baadaye akaanza kulala kule siku mbili kwa juma. Batoto wakawa wananiuliza mama yuko wapi.

Hapo ndipo kaka yangu mukubwa akapiga simu kutoka Butembo.

"Lete muke na batoto huku," akasema. "Iko nyumba nyuma ya parcelle yangu, vyumba vitatu, hakuna mutu."

"Na mama mukwe?"

"Mudogo wangu, nyumba ya familia njo ya familia. Ule mama ako na watu wake."

Sitawaficha, nilitamani. Vyumba vitatu! Batoto wasome bila kusikia silaha. Siku ile ile nikamwambia Mama Neema. Alikuwa anachambua sambaza kwenye sinia, hakuinua kichwa.

"Enda na batoto," akasema. "Mimi nabakia."

"Unanifukuza?"

"Hapana. Niko nakuambia penye niko."

Jumamosi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda kambini mwenyewe.

Wale ambao hawajaona kambi za kwetu: hema limesimama juu ya mawe ya volkano. Ukilala, jiwe linakuingia mbavuni. Mama mukwe alitoka, akaketi akinipa ubavu, macho yake yakiangalia barabara. Tukaongea hivyo.

"Papa Neema, usikasirike," akasema. "Haunikosee kitu. Lakini sikukimbia risasi ili nikuje kuharibu nyumba ya mutoto wangu. Mwanaume anaogopa kukohoa mu nyumba yake juu mama mukwe ako nyuma ya pazia? Hiyo si ndoa tena."

Nikauliza, "Sasa mama, unataka tufanye nini?"

"Mimi siombe chumba kikubwa. Hata mbao. Ila niwe na mulango wangu."

Wakuu, mimi nilikuwa nadhani ananikataa. Kumbe alikuwa analinda ndoa yangu kuliko mimi mwenyewe. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nilihitaji ile njia yote ili nifikiri.

Nilizunguka majuma mawili nikitafuta. Mjini, parcelle yenye nyumba mbili ilikuwa ndoto, kila chumba kimejaa wakimbizi na ndugu zao. Mwishowe nikaipata kule kule Lac Vert. Familia moja ilikuwa inahamia Bukavu, inataka mutu wa kupanga na kutunza. Nyumba mbili za mbao, kila moja na mulango wake, na katikati migomba.

Shida ni moja. Lac Vert iko kwenye barabara ya Sake, na vita ilikuwa inasogea Sake. Watu walikuwa wanakimbilia mjini, sisi tunatoka mjini.

Walimu wenzangu walicheka. Mmoja akauliza kama muke amenilisha dawa. Kaka yangu hakucheka. "Unapeleka batoto ku mabomu juu ya mama mukwe?" akasema, akakata simu.

Niliogopa, nisijifanye shujaa. Lakini nilijua kwamba Butembo ningefika na nusu ya familia.

Tulihama kwa chukudu tatu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayosukumwa. Mama mukwe alikuja kutoka kambini siku hiyo hiyo. Akafungua mulango wake, akaufunga, akaufungua tena. Jioni Neema akaniletea sahani ya viazi na maharage: "Koko anasema kula." Na Mama Neema akalala kwetu.

Tukaishi vizuri miezi kadhaa.

Halafu Jumanne moja asubuhi mabomu yakaanza kuanguka karibu. Nyumba yetu ilikuwa mbao tupu. Ya mama mukwe ilikuwa imeegemea ukuta munene wa mawe. Mama Neema akakimbiza batoto kule. Mimi nikafika kwenye kizingiti, nikasimama kama mujinga. Miguu ilikataa kuingia mahali mama mukwe analala.

Mama mukwe akanishika shati akanivuta.

"Ingia! Bomu haijue mukwe!"

Tulilala chini wote sita mpaka mchana. Yeye ameziba masikio ya kadogo, mutoto wetu wa mwisho, mimi nimemupa mugongo, tunaomba kila mutu na sala yake. Kulipotulia alitoka wa kwanza, akawasha moto. Ukuta wetu wa mbao ulikuwa na matundu matatu, moja usawa wa kitanda. Chakula akakituma na Neema kama kawaida. Mpaka leo hatujawahi kuzungumza juu ya siku ile.

Kaka alikuja kutuona baadaye, akala, akatazama yale matundu. "Mulicheza na maisha ya batoto," akasema. Sikubishana. Butembo batoto hawangelala chini siku ile, ni kweli. Lakini wangekuwa wanamulilia mama yao kwa simu, na hiyo pia ni kweli. Leo ukinirudisha nyuma nitapanga chukudu zile zile.

Ninachotaka muchukue ni hiki. Watu wakiona tunahama wanasema ni vita. Vita inakutoa, sawa. Lakini mahali utasimama panaamuliwa na mambo madogo: nani analala wapi, nani anapita mulango gani, muke atakubali kumuacha nani. Kabla hujapanga safari, waulize watu wa nyumba yako hayo kwanza. Mimi nilianza na vyumba, nikasahau watu.

Mama Neema amesoma mpaka hapa, anasema matundu yalikuwa mane. Haya, mane.

Sasa nyie mungefanyaje? Butembo, au Lac Vert? Na wenye mama mukwe nyumbani, mutuambie munapangaje vyumba. Nasoma zote.