Siku Niliyomvika Mama Mkwe Kibao

Nyie wajukuu zangu mtakaosoma haya, kaeni vizuri na simu ziwekeni chini kwanza. Mnacheka Kiingereza changu cha maneno kumi, nami nimewaacha mcheke. Lakini mjue aliyekileta Kiingereza humu ndani ni mama yenu, na nusura kimtoe mtu nje. Nitaeleza ilivyokuwa. Maana yake yote sijaielewa hadi leo, kwa hiyo msije mkaniuliza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni na sukari, mara kila kitu kipo: mitumba, redio, wazungu wa kwenda mbugani, na hoteli mpya huku chini Usa River. Nilikwenda kwenye hoteli moja kuomba kazi ya kufua mashuka. Dada wa mapokezi, mtoto wa hapa hapa, akaniuliza jambo kwa Kiingereza. Nikatabasamu. Akauliza tena. Nikatabasamu tena. Akasema, "Mama, mashuka hayaongei, lakini wageni wanaongea." Nilirudi kwa miguu, nimekasirika mpaka nikasahau chumvi niliyotumwa.

Mimi niliishia darasa la nne. Nikasema mziwanda wangu, yaani mama yenu, hatatabasamu mbele ya mtu kwa kukosa jibu. Alikuwa na miaka tisa. Nikampeleka kwenye shule mpya ya Kiingereza ya mtu binafsi.

Shuleni kwao kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akikamatwa anaongea Kiswahili au Kimeru, anavikwa shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu akasema, "Mkitaka waelewe, na nyumbani waongee Kiingereza." Wengine walipiga makofi wakaenda zao. Mimi nikiambiwa jambo nalifanya. Nilifika nyumbani, nikachukua mbao ya kreti la nyanya, nikaitoboa kwa msumari wa moto, nikapitisha kamba ya katani, nikakitundika kibao changu kwenye mlango wa jiko.

Sheria ikawa hivi. Kimeru hakuna kabisa. Kiswahili ni kwa mambo ya haraka, kama moto au nyoka, na kwa ruhusa yangu. Mengine yote, Kiingereza. Shida ni kwamba hayo mengine yote hatukuyajua. Babu yenu alijua salamu ya asubuhi tu, basi akawa anatupa hiyo hiyo hata akirudi kazini jua linazama. Nyumba ikapoa. Watu wakawa wanaonyeshana vitu kwa kidole.

Mama mkwe alikuwa akiishi nasi, chumba cha kando ya jiko. Yeye lugha yake ilikuwa Kimeru, na Kiswahili kidogo cha sokoni. Ndiye aliyembeba mama yenu mgongoni nilipokuwa shambani. Kila jioni walikuwa wakichambua maharage pamoja, wanapiga soga. Sheria ilipokuja hawakuacha, ila walishusha sauti.

Siku moja mama yenu akarudi na alama nyekundu shingoni. Siku ya tatu mfululizo amevaa kibao cha shule. Nikamuuliza, "Hicho Kimeru kinakutoka wapi?" Macho yake yakaenda chumba cha bibi yake. Sikufikiri. Niling'oa kibao kwenye msumari, nikaingia, nikamkuta mama mkwe na ungo wa maharage, nikamvika shingoni.

Kwetu jina la mama mkwe hata hulitamki. Mimi nilimvika mbao.

Hakuivua. Alimaliza maharage, akachukua ndoo, akaenda mferejini kuchota maji na kibao kifuani. Wanawake waliokuwa wanafua wakamuuliza, "Mama, hicho nini tena?" Akajibu, "Muulizeni mke wa mwanangu." Jioni akakivua mwenyewe, akakirudisha kwenye msumari, akakinyoosha kisikae upande. Tangu hapo hakufungua mdomo nyumbani kwangu. Siku tisa. Anakula, anafagia, anasinzia juani, neno hakuna.

Siku ya nane jirani akaniambia mama mkwe ametuma ujumbe kijiji cha Kikwe kwa mwanawe mdogo, aje amchukue Jumamosi. Nikamwambia babu yenu. Akasema, "Sheria ni yako, mama ni wangu. Akienda Kikwe, na mimi nitakuwa nakula Kikwe."

Mzee akihama nyumba ya mwanawe kwa sababu ya mke, mke huyo ataitwa aliyemfukuza mkwewe mpaka azikwe. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba nimekosa. Nisilolijua ni namna ya kumwambia. Nikisema kwa Kimeru, ninavunja sheria yangu mbele ya mtoto. Nikisema kwa Kiswahili, ni kama naongea na mwenye duka. Kiingereza cha kuomba msamaha sikuwa nacho, na yeye asingekisikia.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, nguo zake amezifunga kwenye kitenge, macho njiani. Mimi namenya ndizi. Mama yenu akaja na daftari.

"Mama, naomba ruhusa ya Kiswahili. Ni kazi ya shule."

"Sema."

"Mwalimu kasema tutafute ndani ya nyumba vitu ambavyo majina yake ya Kiingereza hayakuzaliwa kwa Waingereza. Katuandikia orodha ubaoni, sisi tuvione kwa macho."

"Yalizaliwa wapi sasa?"

"Kwa watu wengine. Wao waliyachukua."

"Waliomba?"

"Hajatuambia."

Akashika kopo la sukari. Akasema *sugar* ilitoka kwa Waarabu, na kabla ya hapo Uhindini. Nikauliza, na sukari yetu? Akasema hiyo nayo kwa Waarabu hao hao. Nikamuuliza kahawa, maana kahawa nimeichuma tangu sijaota meno ya pili, hiyo nilidhani naijua. Akaangalia daftari. "*Coffee*, Waarabu. Kahawa, Waarabu."

"Chai?"

"Wachina. Na *tea* nayo Wachina. Zilipita njia tofauti tu."

Kwenye kamba ilikuwa imeanikwa pajama ya babu yenu, ya mtumba, pamoja na suruali yake ya kaki. Akazionyesha zote mbili. Majina yake yalitoka Uhindini. Nikasema, "Baba yako anajua?" Akasema hapana. Nikamwambia asimwambie kwanza, ataanza kutusalimia Kihindi.

Nilianza kucheka, halafu nikaacha. Kitu kilikuwa kinanizunguka kichwani nisikione vizuri. Nilichukua ndizi nilizokwisha menya, ili kila neno niliwekee ndizi moja kwenye sinia, mafungu mawili: hili la maneno ya Waingereza wenyewe, hili la kuchukua kwa watu. Kila alichotaja, ndizi yake ikaenda fungu la kuchukua. Lile lingine halikupata hata ndizi moja.

"Na hiyo uliyoshika," akasema. "*Banana*. Hiyo ni ya Afrika, huko magharibi. Wareno waliisikia kwa watu weusi wakaondoka nayo."

Nikashusha kisu. "Mtoto akisema *banana* shuleni, anavikwa kibao?"

"Havikwi. Ni Kiingereza."

"Akisema ndizi?"

"Anavikwa."

"Na zote ni za watu weusi."

"Ndiyo, mama."

Nikamwambia aendelee. Akasema neno safari limo kwenye kamusi ya Waingereza, walilichukua kwenye Kiswahili, na Kiswahili kililitoa kwa Waarabu. Halafu akaniuliza, mtoto wa miaka tisa, ananitazama kama hakimu: "Sasa mimi nikisema safari humu ndani, navaa au sivai?"

Nilisema, "Rudia." Akarudia. Sheria niliitunga mwenyewe, mbao niliitoboa mwenyewe, na sikujua nani mkosaji.

Mtoto alikuwa amechangamka na kazi yake, akajisahau. Akageuka kwa bibi yake, akamweleza yote kwa Kimeru: sukari, Wachina, pajama, wale Wareno na ndizi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya furushi. Kisha, baada ya siku tisa, akafungua mdomo.

"Basi huyo Mzungu naye avae kibao."

Akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. Mama yenu akacheka. Halafu akakumbuka nilipo, akaziba mdomo kwa daftari. Akaenda mwenyewe mlangoni, akakitoa kibao kwenye msumari, akasimama nacho katikati ya jiko. Aliyeanza Kimeru ni yeye, aliyefuata ni bibi yake. Alinitazama nimwambie kinakwenda shingo ipi.

Nikainuka, mikono ina utomvu wa ndizi, nikamnyang'anya. Kisha nikasema kwa Kimeru, "Mama, nilikukosea." Nikakivaa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesema Kimeru na sheria ilikuwa bado haijafutwa.

Mama mkwe hakusema amesamehe. Alisema, "Kimekaa upande. Kinyooshe."

Nikakinyoosha.

Hapo hapo shemeji akapiga hodi, na baiskeli yake ya kubebea furushi. "Shikamoo mama. Shemeji, habari za... hiyo mbao ni ya nini?"

"Muulize mwenyewe," akasema mama mkwe. "Na wewe kaa. Siondoki, mtoto hajamaliza kusoma."

Shemeji alikaa. Alikula mchana, akasikiliza orodha yote, akabishana kwamba kaki haiwezi kuwa ya Wahindi kwa kuwa yeye aliivaa mgamboni. Jioni akarudi Kikwe na mkungu wa ndizi kwenye baiskeli. Furushi la kitenge likarudi chumbani.

Mimi sikupata utulivu. Jumatatu mtoto angerudi shuleni, na kibao chao kilikuwa palepale. Kiingereza nilikitaka bado, na yule dada wa mapokezi sijamsahau. Lakini nikitazama kopo la sukari, nilikuwa sijui tena naliitaje na jina hilo ni la nani. Babu yenu alipoingia jioni hiyo akanipa salamu yake ya asubuhi. Nikamwambia akae, nikawaita wote, nikasema kwa Kiswahili ili nisiwe upande wa mtu:

"Hii mbao kuanzia leo inafunika mtungi wa maji. Kazi za shule zifanywe kwa Kiingereza, na kwa bidii, nisisikie mtu ameshindwa. Na wewe mtoto, ukitoka shule, kabla hujavua sare, unapita kwanza kwa bibi yako, unamsimulia mambo yote ya siku hiyo kwa Kimeru, na huondoki mpaka aseme basi."