Tulienda kuvua gayogayo nje ya London, hesabu ya mwezi ya Mzee Hamadi ikataka kutuua

Wakuu, heshima kwenu, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Niseme mapema kabisa: hii siyo chai. Sitaongeza chumvi hata punje, maana chumvi niliyokunywa siku ile inanitosha mpaka nazeeka.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Nilikuwa London nafanya kazi ya care, kuogesha na kulisha wazee, na nimepanga chumba Tooting kwenye nyumba ya Mpemba mmoja, Mzee Hamadi.

Huyu mzee alitoka Wete akiwa kijana mvuvi baada ya Mapinduzi, akazunguka weee, mwisho akaishia kuwa karani London. Kwao alirudi mara mbili tu, zote kwa misiba. Mkewe alifariki mimi nikiwa nimeshahamia pale. Alibaki na binti yake, Rahma, mwanafunzi wa chuo, kazaliwa huko huko. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Mzee alikuwa keshakata tamaa.

Sasa Mzee Hamadi alikuwa na tabia moja. Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, anahesabu tarehe ya mwezi kwa vidole halafu anatangaza jikoni:

"Leo mwezi sita. Wete maji yatakauka saa nane."

Nani kamuuliza? Hakuna. Mimi nimetoka shift ya usiku, macho mekundu, natafuta mkate, naambiwa habari za maji ya Wete.

Kwa wasiojua, wavuvi wa kwao hawahitaji saa wala redio. Ukiwatajia tarehe ya mwezi wa Kiislamu, wanakwambia maji yatajaa saa ngapi na kupwa, yaani kukauka, saa ngapi. Mwezi mpya na mwezi mpevu maji hutoka sana, ndiyo bamvua. Hesabu hiyo Mzee alifundishwa na baba yake, na nadhani ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwao kikiwa kizima.

Basi mwaka ule akanunua kiboti cha mtumba, cha fiber, na mashine yake ya kuvuta kwa kamba. Akasema anataka Rahma amwone baba yake baharini japo mara moja. Mimi nikaalikwa kama mpagazi.

Wakuu, mimi ni mtu wa Dodoma. Maji niliyoyazoea ni ya ndoo. Lakini mwenye nyumba akikualika, utakataaje?

Tukaondoka alfajiri na gari kuelekea pwani ya Essex, kule mto wa London unakomwagikia baharini. Mwezi wa sita, lakini baridi ya kutafuna mifupa. Mzee aliswali ufukweni, tukasukuma boti majini, tukaenda.

Samaki tuliyemfuata ni gayogayo. Waingereza wanamwita flounder, wengine fluke. Ni bapa kama chapati, macho yote mawili yako upande mmoja, anajifukia mchangani anakuchungulia. Chambo chake ni minyoo, tuliinunua kwenye duka la wavuvi pale pwani, na kuishika ile minyoo ni mtihani mwingine, tuuache.

Wawili watatu wakauma. Mzee anacheka, anaimba, hata simjui. Rahma naye kaacha kitabu chake, anashangilia. Moyoni nikasema kumbe hii nyumba ina furaha, ilikuwa inasubiri maji tu.

Kufika kama saa mbili asubuhi, fungu kubwa la mchanga lilikuwa limejitokeza. Mzee akaiegesha boti pembeni yake, akachimbia nanga mchangani.

"Shuka bwana, nikuoneshe uvuvi wa kwetu. Gayogayo twamvua kwa nyayo. Wamkanyaga, wamhisi, wainama wamshika."

Hapo ndipo Rahma akaongea. "Dad, the man at the bait shop said low water was at seven. It's already turned." Yaani maji yalikauka saa moja asubuhi, sasa yameshageuka yanaingia.

Mzee hata hakugeuka. "Leo mwezi kumi na tano. Maji yakauka saa nne, bado yatoka. Huyo wa dukani ana mwezi wake? Mwezi ni mmoja dunia nzima."

Rahma akasema yeye habanduki kwenye boti. Mzee akaninong'oneza, "Waoga hawa, watoto wa huku." Mimi, mwoga kuliko wote, nikavua viatu nikamfuata ili nisionekane mwoga. Ujinga una heshima zake.

Tukatembea mbali, kama viwanja viwili vya mpira, tukapita kibonde chenye maji ya kwenye kifundo cha mguu, tukapanda upande wa pili penye vidimbwi. Na kweli wakuu, nilimkanyaga gayogayo! Kitu kinatetemeka chini ya unyayo, nikapiga ukelele mpaka Mzee akakaa chini kwa kicheko.

Tukawa tumezama kwenye raha hiyo, migongo tumeielekeza kwenye boti.

Mtaniuliza, mvuvi gani haoni maji yakigeuka? Jibu langu ni kwamba mwenye uhakika haangalii.

Nilisikia Rahma anapiga kelele. Nikageuka.

Kibonde hakikuwepo.

Palikuwa na maji ya kahawia yanakwenda kasi, mapana kama barabara kuu, kati yetu na boti. Na boti yenyewe haikuwa imeegeshwa tena, ilikuwa inaelea. Nilitazama miguu yangu: mahali palipokuwa pakavu nilipoweka ndoo, ndoo imeondoka.

Nikamtazama Mzee nipate maelekezo. Alikuwa kaganda, anaangalia maji yanavyoingia, midomo inacheza. Mnajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa anahesabu upya kwa vidole.

"Siyo saa yake," akasema. "Wallahi siyo saa yake haya."

Wakuu, hapo ndipo nilipokufa mara ya kwanza. Kumwona anayejua bahari anaishangaa bahari.

Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Sijui kuogelea. Matope yalishika miguu, na Mzee kanikamata mkanda, ananiambia nisisogee. Angeweza kuogelea peke yake kuifuata boti, nilimwambia aende. Alinitukana tusi la Kipemba ambalo sitaliandika, akanikaza zaidi.

Kisha akaanza kutoa shahada kwa sauti. Mimi Mkristo wa kubarikiwa kabisa nikajikuta namfuatisha neno kwa neno. Mchungaji wangu akisoma uzi huu anisamehe.

Kule kwenye boti, Rahma hajawahi kugusa mashine maisha yake yote, baba yake alimkataza. Mzee akapaza sauti, "Ng'oa nanga! Vuta choki! Vuta kamba!" Akavuta, kimya. Akavuta tena, kimya. Maji yalikuwa kifuani nilipoisikia ikikohoa.

Alikuja anayumba, kashikilia usukani kwa mikono miwili, analia kwa kwikwi. Mzee alinisukuma mimi kwanza. Ilipofika zamu yake, vidole vyake vilikuwa havishiki tena. Rahma alimkamata kola, mimi mkono, tukamvuta kama gunia, tukaangukiana sote juu ya gayogayo.

Tukarudi mpaka Tooting tumelowa vile vile.

Nyumbani, Mzee hakubadili hata nguo. Alichukua kadi ya simu ya kukwangua, akampigia kaka yake Wete. Simu ile ilipaza sauti, nilisikia kila kitu.

"Leo maji yalikauka saa ngapi huko?"

"Saa nne. Si mwezi kumi na tano leo? Kwani we umesahau?"

"La. Sijasahau."

Akakata. Akakaa pale sebuleni, mchanga bado kwenye ndevu, akasema, "Hesabu yangu haina kosa. Miye ndiye siko huko." Kisha akalia, mzee yule, kilio ambacho sikukisikia hata siku ya msiba wa mkewe.

Rahma akaja, akaketi chini karibu na magoti yake. Na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba ile, nikamsikia anaongea Kiswahili, kimepinda kidogo lakini ni chake:

"Baba, wewe hesabu maji ya kwenu. Ya hapa nitahesabu mimi."

Wakuu, funzo nililopata: elimu ya kwenu usiitupe, lakini ukifika ugenini waulize wenyeji maji yao yanatoka saa ngapi. Na mtoto uliyemzaa ugenini ni mwenyeji.

Asubuhi iliyofuata niliingia jikoni, Mzee anachemsha chai, vidole vinahesabu. "Leo mwezi kumi na sita. Wete maji yatakauka karibu saa tano." Kisha akaita kuelekea ngazini:

"Rahma! Na ya huku je?"

Nawe uliyeko ugenini, ni hesabu gani ya kwenu iliyowahi kukuangusha? Mwageni hapo chini, nasoma zote.