Siku Niliyohesabu Watoto wa Tata Nyambura

Walisema sitaweza. Walisema diploma ya uanahabari niliyoisomea Doha, huku nikifagia uwanja wa ndege, haitanilisha hapa Othaya, na leo chaneli yangu ya mtandaoni inatazamwa hadi Mwea (mnacheka, lakini ulizeni). Basi aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hawajaisimulia wao.

Tata Nyambura, shangazi yangu wa Gakindu, alikuwa akimwoza binti yake, na wazee wa pande zote mbili walikuwa sebuleni wakijadili mahari. Mlangoni nikaambiwa nizime kamera. Mimi? Mwanahabari mwenye cheti cha ng'ambo? Nikawahubiria uhuru wa vyombo vya habari, nikajipenyeza, nikaingia hewani moja kwa moja, na ili watazamaji wajue nimefanya utafiti nikanong'ona, "Mama mzazi ana watoto tisa, nimewahesabu mwenyewe, na mbuzi walioko nje ni..."

Kwetu watoto hawahesabiwi, wala mifugo. Ni kuwaitia mabaya. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma! Nikanyamaza, lakini mgeni mmoja kutoka Mwea alikuwa akinitazama kwenye simu, na sauti yangu, iliyochelewa kidogo njiani, ikaanza upya mkononi mwake: watoto tisa, nimewahesabu mwenyewe.

Kiongozi wa wageni akachukua kofia yake. "Watoto wamehesabiwa kama magunia. Twendeni."

Bibi harusi, aliyekuwa mlangoni pa jikoni, akaanza kulia.

Tata akasimama, bila haraka. "Keti, mzee. Huyu amehesabu vibaya. Amejisahau mwenyewe, na ni mimi nilimlea. Hesabu iko na makosa si hesabu."

Mzee akacheka, kofia ikarudi gotini. Kwa maneno machache hivyo aliokoa ndoa ya bintiye, na mimi ndani yake (diploma yangu haikuwa na somo hilo).

Akanigeukia. "Juzi ukionyesha ile mizani ya kahawa inatuibia, si nilikupigia makofi? Endelea hivyo. Lakini hapa ni nani ameibiwa, ati unamulika?"

Mizani bado naimulika, na siogopi mtu. Sebule za watu nimeapa kubisha hodi kwanza.

Wazee walinitoza faini ya mbuzi, nikawapeleka mwenyewe baada ya mavuno, wanono. Tata alikuwa langoni, akijizuia kucheka.

"Umeniletea mbuzi wangapi, mwandishi?"

"Wa kutosha, tata."

Akafungua lango.