Lebo za Vyungu vya Shangazi

Lebo ya kwanza niliiandika kwa wino mwekundu, kwenye karatasi niliyoikata katika daftari la kisomo cha watu wazima: "Chungu Bora. Kimefinyangwa katika Kijiji cha Ujamaa, Wilaya ya Handeni." Nikaizungushia mistari kwa rula. Niliandika kumi na mbili, kwa kuwa duka la ushirika la Korogwe lilitaka vyungu kumi na viwili vya kujaribia.

Mfinyanzi alikuwa shangazi yangu. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Misima, na kila mtu mzima alitakiwa kulima shamba la kijiji. Shangazi alikuwa na goti bovu. Kuketi na kufinyanga aliweza kutwa nzima. Kuinama na jembe hakuweza hata saa moja. Mwenyekiti alimpa nafasi moja tu.

"Mama, duka likivipokea, ufinyanzi wako utahesabiwa kazi ya kijiji. Likivikataa, utachukua jembe kama wenzako."

Wazo la lebo lilikuwa langu. Nilikuwa mwalimu wa kisomo, na niliamini karatasi ingevifanya vyungu vionekane vya kiwandani.

"Chungu hujisemea chenyewe, mwanangu," alisema shangazi. "Kigonge usikie."

"Mjini hawagongi, shangazi. Wanasoma."

"Korogwe imekuwa Ulaya lini?"

Vyungu vilipotolewa motoni, kumi na kimoja vilikuwa safi. Cha kumi na mbili kilikuwa na ufa mwembamba tumboni, urefu wa kidole. Shangazi alikigonga, kikatoa sauti ya ubao.

"Hiki cha kunyweshea kuku. Kiache."

Akaenda kunawa. Nilikuwa nimeshabandika lebo kumi na moja, nikabaki na moja mkononi. Nikaipaka gundi ya unga wa muhogo, nikaibandika juu ya ule ufa. Ilitosha kabisa. Kwenye lori, shangazi alidhani kile cha kumi na mbili ni chungu chake cha zamani nilichokichukua ndani kujazia hesabu. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Korogwe, meneja wa duka aliagiza vipangwe barazani, wateja wavione kwanza. Mama mmoja aliyetoka Ngombezi kwenye mashamba ya mkonge alikiinua kimoja, akaitazama lebo, akakunja uso. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikupaswa kulisahau: kwetu chungu kikipasuka huzibwa kwa nta, kisha hubandikwa kitambaa.

"Hiki kinaumwa nini?" aliuliza.

"Kidonda, shoga!" alijibu mwenzake. "Na hiki nacho. Loo, vyote vimetoka hospitali!"

Wakacheka. Nilisogea. "Mama, hilo ni jina la kijiji tu."

"Jina la kijiji linakaa tumboni?"

Akaanza kubandua kwa ukucha. Cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kizima. Nilimwomba Mungu achoke. Cha tatu kizima, na nikamwona anaanza kulegea, lakini alikigonga cha nne, kikatoa sauti ya ubao, akaibandua karatasi taratibu. Hakucheka tena.

"Njooni muone," aliwaita wenzake.

Meneja alitoka ndani. Akapitisha kidole juu ya ufa. "Nani amebandika hii?"

Shangazi alikuwa ameegemea nguzo, akipumzisha goti. Aliutazama ufa, kisha akanitazama mimi. Aliutambua. Nilifungua mdomo, lakini aliniwahi.

"Vyungu ni vyangu," alisema shangazi.

"Basi, mama, virudishe vyote. Mfinyanzi anayeficha ufa hatuwezi kuuza kazi yake."

Bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Watu walikuwa hapo hapo, meneja alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilianza kuvifunga vyungu kwa nyasi.

Njiani shangazi hakunigombeza. Kijijini, mwenyekiti aliniagiza mimi niandike taarifa ya safari, kwa kuwa nilikuwa na hati nzuri. Niliandika mstari mmoja: vyungu vimekataliwa kwa ubovu. Akausoma, akaupiga mhuri.

Jumatatu shangazi alipewa tuta la karibu na barabara. Nilimwona kutoka dirisha la darasa, akilima huku amepiga goti moja, lile zima, jembe amelishika karibu kabisa na chuma.