Benchi Tupu la Mama Presha

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi wa zahanati ile ya vyumba vitatu, na mtaa ulikuwa umeshasahau jina lake. Walimwita Mama Presha. Alipoanza, wagonjwa wa shinikizo la damu walikuja kila wiki kuchukua vidonge saba. Walikaa kwenye benchi hadi mchana, na waliochoka hawakurudi. Wengine walirudi wamebebwa, mdomo umepinda. Mwishowe akaanza kuwapa wale ambao presha yao imetulia vidonge vya miezi miwili. Asiyefika siku yake, Mama Presha alimfuata nyumbani, mashine ya kupimia kwapani.

Mwaka huu ukaja ukaguzi wa zahanati zote za jiji. Ambazo zingeonekana hazina kazi zingefungwa. Mkaguzi, mwanamke mpole wa miwani, alifungua daftari la mahudhurio akahesabu: wagonjwa wamepungua nusu. Mama Presha alieleza na kueleza, lakini fomu ilikuwa na nafasi ya waliokuja, haikuwa na nafasi ya wasiohitaji kuja.

"Wifi," karani wa mapokezi, dada wa mumewe, alimnong'oneza Mama Presha mara mkaguzi alipoondoka, "si nilikwambia uwape vya wiki? Umewaponya wao, umejiponza mwenyewe."

Mama Presha alilifunga daftari. Aliwawazia wagonjwa wake wazee wakipanda kilima kwenda zahanati ya pili. Wangapi wangefika?

Siku nne zikapita. Ya tano mkaguzi akarudi, ametokea hospitali kuu alikokwenda kupekua orodha ya waliolazwa kwa kiharusi, mtaa kwa mtaa. Akaketi kwenye benchi, akavua miwani.

"Mitaa ya jirani ina kumi na wawili, kumi na wanne," alisema. "Mtaa wako, mwaka mzima, wawili. Nilidhani wameruka ukurasa, dada yangu. Nikahesabu tena."

Zahanati haifungwi, akasema. Na utaratibu wa Mama Presha wa miezi miwili angeomba uandikwe kwenye ripoti, zahanati nyingine ziuone.

Mama Presha akaketi kando yake. Wifi yake alichungulia dirishani akauliza nani kafa. Hakuna, akajibiwa, na wote watatu wakacheka.

Wale wawili waliolazwa aliwajua. Hata katikati ya nafuu ile aliwakumbuka. Kisha akainuka, kwa maana fundi cherehani wa uchochoro wa nyuma alitakiwa kufika kuchukua vidonge tangu juzi, akatoka kumfuata, mashine kwapani.