Trafiki wa Msanzi na Maksai Wake Wawili

Tulipokuwa darasa la tatu pale Msanzi, mwalimu alituuliza mmoja mmoja tunataka kuwa nani tukiwa wakubwa. Ignasi alisema rubani. Monika alisema daktari wa macho. Zenon alisimama wima, mikono ameibana ubavuni, akasema trafiki. Ilipofika zamu yangu nilitazama chini muda mrefu mpaka mwalimu akachoka, akaniandikia mwenyewe: mkulima. Leo Ignasi anachoma matofali, Monika anauza maandazi, na mimi ni mkulima. Katika darasa zima ni mimi peke yangu niliyetimiza ndoto.

Lakini habari hii ni ya Zenon, ambaye baadaye alimwoa dada yangu Luciana.

Utrafiki ulimwingia siku baba yake alipompeleka Sumbawanga kung'oa jino. Barabarani aliona lori la mahindi limejaa mpaka linainama upande mmoja, na mbele yake mtu mwembamba wa nguo nyeupe kainua kiganja. Lori likasimama. Dereva akashuka na kuvua kofia. Zenon alirudi nyumbani bila jino, na kwa wiki nzima hakuna kuku aliyevuka uwanja wao bila ruhusa.

Polisi walitaka watu waliosoma zaidi yake, naye aliishia la saba kama mimi. Akashika kazi ya baba yake, kufundisha maksai kuvuta plau. Kwa kawaida kazi hiyo ina mtu wa mbele wa kushika kamba na mtu wa nyuma mwenye fimbo na matusi. Zenon aliona hapo hakuna utaratibu. Akatafuta shati jeupe, glavu nyeupe kwenye mitumba na filimbi, akajipanga mbele ya maksai, akainua kiganja.

Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Maksai wa Zenon walisimama kwa kiganja, wakatembea kwa kupungiwa, wakageuka kulia na kushoto kwa mkono. Wakifanya vizuri aliwapa chumvi ndani ya glavu, wakailamba. Hakuwahi kumpiga hata mmoja. Kabla ya kazi aliwakagua: anagonga pembe, anainamia kwato, anamwambia maksai kwa sauti ya upole, "Hii imekwisha, leo husafiri." Kwenye shamba lake la mazoezi alizungushia mawe akatengeneza mzunguko kama wa mjini, na watu wa baiskeli waliokuwa wakipita njia ya pembeni walikuwa wakisimama wenyewe akipiga filimbi. Baadhi yao wakiulizwa kwa nini wamesimama walikuwa hawajui.

Walionunua maksai wake walilazimika kulima wakiwa wamevaa nyeupe. Mmoja wa Milepa alikosa shati, akalima msimu mzima na joho la kwaya. Hakuna aliyelalamika, maana mashambani hakuna trafiki mwingine.

Aliyelalamika ni Luciana. "Nafua kama mke wa polisi," alikuwa akisema, "mshahara wa polisi siuoni."

Mwaka juzi Mzee Suleimani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sumbawanga mjini, alifika Msanzi na lori lake kutafuta maksai wa kuvuta mkokoteni. Zenon alikuwa na wawili aliowapenda kuliko wote, Lori na Tela. Aliwafundisha tangu wakiwa ndama, na Luciana alisema mume wake aliwataja kwa majina hao wawili usingizini, yeye hakumtaja hata mara moja. Mzee Suleimani aliwatazama wakizunguka mzunguko wa mawe bila fimbo, akasema, "Hawa wana adabu kuliko madereva wangu." Wakakubaliana. Zenon alimweleza Sadick, kijana wa Mzee Suleimani atakayewaendesha, habari za shati na kiganja na chumvi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka lori lilipoondoka.

Baada ya siku chache simu ikalia. Mimi nilikuwepo.

"Shikamoo mzee," Sadick alisema. "Mzee, ng'ombe wako wamemkamata trafiki."

"Wamefanyaje?"

"Wamemkamata. Yuko katikati ya barabara, mmoja kulia, mmoja kushoto, wanamlamba mikono. Magari yamesimama mpaka sokoni. Na siyo leo tu, ni kila tukipita! Wakimwona yule afande, mimi siyo mtu tena."

Zenon akakaa chini. Aliyatengeneza hayo kwa mikono yake. Kwao mtu aliyevaa nyeupe mwenye glavu akipunga mkono, maana yake njoo uchukue chumvi.

Kisha Mzee Suleimani alichukua simu. Hakupaza sauti. "Zenon, Jumamosi namuoza binti yangu Shamimu. Nyama ya harusi nilikuwa naitafuta, kumbe nimeshainunua. Ijumaa asubuhi naita mwenye bucha. Kama unaweza kuwaponya kabla ya hapo, karibu. Kama huwezi, karibu pilau."

Zenon hakula usiku ule. Asubuhi aliniambia, "Shemeji, twende wote." Mimi siyo mtu wa mjini na kuongea na watu kunanitoa jasho, lakini uso wake haukuwa wa kukataliwa.

Tulimkuta afande kwenye makutano, mwanamke wa makamo, mrefu, jina lake Bertha. Zenon alisimama mbali na kupiga saluti. Afande akamwita kwa kidole.

"Wewe ndiye mwenye wale?"

"Ndiyo, afande."

"Wamenilamba mpaka saa yangu ya mkononi imeingia mate. Madereva wananiita mama ng'ombe. Na hiyo filimbi shingoni ya nini?"

"Ya kazini, afande."

"Kazi gani?"

Zenon alibanisha visigino. Hili swali alikuwa akilisubiri tangu darasa la tatu, na muulizaji alikuwa ndiye hasa.

"Nafundisha ng'ombe," alisema.

"Lete hiyo filimbi. Na glavu. Na nisikuone mjini na shati jeupe unapungia vyombo vya moto, nitakuweka ndani. Makutano haya yana trafiki mmoja."

Alizitoa zote mbili. Tukaenda uani kwa Mzee Suleimani, nyuma ya marundo ya mabati, ambako Lori na Tela walikuwa wamefungwa. Walipomwona walivuta kamba nusura wang'oe nguzo. Zenon akampigia Luciana.

"Nimenyang'anywa," alisema. "Bila nyeupe hawanifuati. Na nikivaa nyeupe nafungwa."

"Basi lichafue," Luciana alisema.

"Nini?"

"Shati. Lichafue kidogo kidogo mpaka wazoee uchafu. Miaka yote mimi nang'arisha, wewe sasa paka matope. Hao ng'ombe wafuate mtu mchafu kama ng'ombe wa watu wengine."

Zenon alikata simu, akalitazama shati lake. Halafu akachota udongo mwekundu wa uani, akaulowesha, akapaka ncha ya mkono mmoja. Ncha tu. Maksai wakanusa, wakaguna, wakakubali. Kesho yake alipaka mkono mzima. Kesho kutwa kifua. Kila alipopaka aligeuka asinitazame, kama mtu anayevua nguo mbele ya watu.

Siku hizo hizo kulikuwa na nusu ya pili ya kazi: wazoee kwamba aliyevaa nyeupe hana kitu. Alihitajika mtu wa kuvaa nyeupe humo uani, ainue mkono, apunge, asitoe chumvi. Sadick alikuwa barabarani na gari la bosi. Nikabaki mimi, na shati jeupe la Sadick.

"Shemeji, usitazame chini," Zenon alinifokea. "Trafiki gani anatazama viatu vyake?"

"Wananiangalia."

"Ng'ombe?"

"Watu."

Kweli watu walikuwa wamejaa ukutani, na mmoja alikuwa na simu ananipiga picha. Lori alinilamba sikio. Tela alinilamba shingo. Nilinyanyua mkono kama mtu anayejikinga mvua.

Sadick alipita akaniona. "Mjomba, hapo hata kuku hasimami!"

Nilimwambia Zenon tupake pilipili kwenye mkono wangu tumalize. Alikataa kabisa. "Mwenye sare hamwekei mtu mtego," alisema. Basi nikaendelea kulambwa. Lakini ng'ombe si wajinga. Siku ya tatu Lori alininusa kiganja, akakuta hamna kitu, akaondoka. Tela alinitazama zaidi, kama ananionea huruma, naye akamfuata Zenon, ambaye sasa alikuwa na rangi ya tofali kuanzia kola mpaka kiunoni na chumvi mkononi.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na baridi kali na upepo. Mzee Suleimani alisimama kando ya makutano na koti lake refu. Pembeni yake alikuwa mwenye bucha na kamba begani. Huyo wa bucha alimsalimia Zenon vizuri, ila macho yake yalikuwa kwenye mapaja ya Tela.

Zenon alitangulia, maksai wakamfuata, mkokoteni umejaa mifuko ya saruji. Sadick na mimi tulikuwa nyuma. Afande Bertha alipowaona alirudi hatua moja, akaficha mkono wenye saa, kisha akajikaza na kuinua mwingine.

Zenon alisimama, maksai wakasimama nyuma yake. Tela alipanua pua. Niliona mwenye bucha anashusha kamba begani.

Afande akapungia upande wetu tupite.

Hakuna aliyepita. Maksai walimsubiri Zenon, na Zenon alikuwa ameganda, visigino vimegusana, anamtazama afande anavyopunga. Afande akapunga tena. Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi, basi, bajaji, pikipiki, na mtu mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kama kuna msiba.

"Mzee, umeruhusiwa!" Sadick alipiga kelele. "Pita! Mzee!"

"Wewe mzee mchafu!" afande alisema. "Unanizibia barabara!"

Hapo Zenon alizinduka. Akatembea, mabega yamerudi nyuma, shati la matope limesimama kama ubao. Lori akampita afande bila kumtazama. Tela aligeuza kichwa, akanyoosha ulimi hewani kuelekea ile glavu nyeupe. Kisha akaurudisha ulimi ndani na kumfuata mtu wake.

Mzee Suleimani alicheka mpaka akajifuta macho. "Ng'ombe wamepona," alisema. "Mbovu alikuwa mzee." Akamgeukia mwenye bucha na kumwambia atafute mbuzi, na mwenye bucha akaikunja kamba yake taratibu, akiwasindikiza maksai kwa macho.

Afande Bertha aliwaangalia wanavyokwenda. Sikusikia alichosema, ila alikuwa kama mtu aliyekosa salamu ya rafiki.

Ng'ambo ya barabara Zenon alisimamisha mkokoteni. Akawagusa wote wawili katikati ya pembe. Kisha akaanza kufungua vifungo. Lile shati lililofuliwa Msanzi kila Jumapili alilivua pale pale kwenye upepo, akabaki na singlendi yenye matundu, shati akampa Sadick.

Sadick alilishika kwa vidole viwili. "Mzee wangu, mimi mtu wa mjini. Nitapitaje sokoni hivi? Hata mchumba wangu hatanitambua."

"Ng'ombe watakutambua," Zenon alisema. "Vaa, utangulie. Na vifungo vyote ufunge."